Mwembamba na Sukari ya Alfajiri

Jana usiku ulikula matonge machache ya ugali wa mtama kwa mlenda, ukanawa kabla hujashiba, ukalala. Alfajiri umejichoma kidole na mashine imesoma 13.4. Hakuna jambo linalomvunja moyo mtu mwembamba mwenye kisukari kama hili. Jirani yake mwenye kitambi aliambiwa apunguze kula na apunguze uzito, akatii, na sukari yake ikashuka. Yeye hana kitambi cha kupunguza. Mkanda umeshatobolewa matundu mapya tangu mavuno yaliyopita, mashavu yamebonyea, na bado kila anayemshauri anamwambia apunguze ugali.

Nalisema mapema ninaloliamini: kama wewe ni mwembamba na sukari yako ya asubuhi iko juu, njaa si dawa yako. Utajinyima chakula cha usiku na bado utaamka na sukari iliyopanda, huku misuli ikizidi kuisha. Kinachokufaa ni kujua sukari yako inafanya nini usiku kucha, kisha upate dawa inayostahili, kwa kipimo chake na kwa saa yake. Chakula kina nafasi, na nitakieleza, lakini kwako hakiwezi kubeba mzigo wote.

Ninaowafikiria hasa ni watu wa Mgori, kata ya Singida Vijijini. Mtu wa huko anashika jembe tangu mvua za kwanza za Novemba au Desemba, analima mtama, uwele na alizeti, anafuata ng'ombe, na wengine wanarina asali katika msitu ambao vijiji vya Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga vimekuwa vikiusimamia wenyewe tangu katikati ya miaka ya 1990. Mtu huyo ukimwambia "fanya mazoezi, punguza mafuta", hujamwambia kitu. Ushauri wa namna hiyo ulitungwa kwa ajili ya mtu wa mjini anayekaa kitini kutwa.

Kisukari kwa watu wembamba si jambo geni katika nchi zetu, ingawa mabango ya kliniki yanaonyesha mtu mnene na chupa ya soda. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kupima watu wa vijiji sita vya Tanzania, wakakuta wenye kisukari hawafiki mmoja katika kila watu wazima mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari iliyozidi kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo vya tafiti hizo mbili havifanani kabisa, lakini mwelekeo hauna shaka, na ongezeko hilo halikuwapata wanene peke yao. Daktari Davis Kibirige na wenzake nchini Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, waliwachunguza watu zaidi ya 500 waliogundulika karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili. Karibu theluthi moja yao hawakuwa na uzito uliozidi, na kongosho za hao zilikuwa zinatoa insulini kidogo kuliko za wenzao wanene. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) jijini Mwanza nao wameona katika kanda ya ziwa kwamba kongosho kuchoka kuna uzito mkubwa katika kisukari cha huko kuliko mwili kuigomea insulini.

Aprili 2025, katika mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi kisukari kinachotokana na lishe duni, likakipa jina la aina ya 5. Habari zake zina umri mrefu. Daktari Hugh-Jones aliwaeleza wagonjwa wa namna hiyo nchini Jamaica mwaka 1955. Shirika la Afya Duniani likakiweka kisukari cha utapiamlo katika orodha yake mwaka 1985, kisha likakiondoa mwaka 1999 kwa hoja kwamba ushahidi hautoshi. Kwa miaka mingi, basi, mgonjwa mwembamba aliyelelewa katika njaa alisukumwa katika aina ya kwanza au ya pili, na dawa zikafuata jina alilopewa. Sisemi kwamba kila mwembamba wa Mgori ana aina ya 5. Wengine wana aina ya kwanza iliyochelewa kujitokeza, wengine aina ya pili ya kawaida, na wengine kongosho lao limeharibiwa na ugonjwa mwingine. Linalowaunganisha wengi wao ni kwamba insulini ya mwilini ni chache. Hilo ndilo linalotufikisha kwenye usiku.

Ini ni ghala. Mchana ukila, sehemu ya sukari ya chakula huwekwa humo. Usiku ukilala, ini huitoa kidogokidogo ili ubongo na moyo visikose. Anayeshika ufunguo wa ghala ni insulini. Ikiwapo ya kutosha, ini hutoa kwa kipimo. Ikiwa chache, mlango hubaki wazi, na sukari humwagika kwenye damu usiku kucha hata kama tumbo ni tupu. Zaidi ya hapo, kuanzia kama saa tisa usiku hadi saa mbili asubuhi, mwili huongeza homoni za kutuamsha, ikiwamo kotisoli, na homoni hizo huliambia ini liongeze kasi. Mtu mzima wa afya hana habari, kwa kuwa kongosho lake huongeza insulini kidogo wakati huohuo. Lako haliwezi, ndiyo maana namba ya asubuhi inapanda.

Kupanda huko kwa alfajiri watu wengi wanakusikia kliniki, wanakubeba kama maelezo ya kila kitu. Wataalamu waliofuatilia wagonjwa wa aina ya pili kwa vihisi vinavyopima saa 24 wameona kwamba, kwa wastani, alfajiri huongeza takriban milimoli 1 tu. Asiye na insulini kabisa anaweza kupanda zaidi. Lakini kama umelala na 12 ukaamka na 13.4, alfajiri haina kosa kubwa. Ulikwenda kulala sukari ikiwa imeshapanda, na hapakuwa na insulini ya kuishusha.

Kwa hiyo pima mara tatu katika usiku mmoja: unapokwenda kulala, saa nane au saa tisa usiku, na unapoamka kabla hujatia kitu mdomoni. Vijiti vya kupimia ni ghali, nalijua hilo. Siku tatu tu, yaani vijiti tisa, zinaweza kumwambia daktari mengi kuliko miezi sita ya kupima asubuhi peke yake. Siku hizo zisifuatane. Moja iwe siku ya kazi nzito shambani, moja siku ya kawaida, na moja siku uliyokula kwa kuchelewa. Andika namba, saa, ulichokula, na dawa uliyotumia na saa yake.

Kabla ya kuchoma, nawa mikono kwa maji na sabuni, ukaushe vizuri. Kwa mtu wa Mgori nalisisitiza hili: kidole kilichoshika asali, embe au miwa, hata baada ya kufutwa kwa nguo, kinaweza kuipa mashine namba ya juu isiyo ya damu yako. Spiriti haiondoi utamu vizuri kama maji. Vijiti vikae ndani ya kopo lake lililofungwa, mbali na jua na jiko. Kama mashine ni moja kwa nyumba mbili au tatu, kila mtu awe na sindano zake za kuchomea na asiazime. Homa ya ini B hupita hapo kwa urahisi. Na usishtuke mashine ikisema 8.1 kisha 8.9 kwa tone la pili, kwa sababu mashine nzuri pia inaruhusiwa kukosea kiasi hicho.

Mashine nyingi za hapa nchini hupima kwa milimoli. Kama yako inasoma mamia, gawanya kwa 18. Lengo la asubuhi kabla ya kula, kwa watu wazima wengi, ni kati ya 4.4 na 7.2. Kwa mzee anayeishi peke yake, au mtu ambaye sukari imewahi kumshuka akazimia, mimi ningeridhika na 5 hadi 8. Chini ya 4 ni hatari, na usiku ni hatari zaidi kwa sababu umelala.

Sasa zisome namba zako. Zikiwa juu zote tatu, mathalani 12, 12 na 13, tatizo limeanzia jioni: mlo wa usiku umekuwa mkubwa au wa kuchelewa, au dawa ya siku nzima haitoshi. Ukilala na 7, saa tisa ukawa 7, ukaamka na 10, hapo ni alfajiri, na huenda dawa ya jioni inaisha nguvu kabla ya kupambazuka. Ukilala na 7, saa tisa ukawa 9.5, ukaamka na 12, insulini ya usiku haipo au ni kidogo mno. Namba za namna hii ndizo zinazowaandama wembamba wasio na insulini ya kutosha, na haziwezi kurekebishwa kwa kupunguza matonge.

Na ikiwa saa tisa usiku unasoma 3.2? Wapo wahudumu wengi waliofundishwa kwamba sukari ikishuka usiku mwili hulipiza kwa kuipandisha sana asubuhi. Fikra hiyo ilitoka kwa mwanakemia Michael Somogyi miaka ya 1930. Vihisi vya siku hizi havijaiunga mkono sana: walio wengi wakishuka usiku huamka wakiwa chini, hawaamki juu. Kwa hiyo usipunguze dawa kwa kudhani tu kwamba ulishuka. Pima. Lakini ukikuta kweli umeshuka, au ukiamka shuka limeloa jasho, kichwa kinauma na ndoto zilikuwa za kutisha, hilo ni jambo la kushughulikiwa siku hiyohiyo, kabla hujafikiria namba ya asubuhi.

Kwa kushuka, asali ya Mgori ni dawa halisi. Kijiko kimoja kikubwa cha asali, au vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Kama bado chini ya 4, rudia, halafu kula kitu kinachokaa tumboni. Kichupa cha asali kilale karibu na kitanda. Mtu aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Nje ya kushuka, asali ni sukari. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa ni ya porini haina madhara kwa mwenye kisukari, wakaitia kwenye uji wa jioni. Mwili wao hautofautishi.

Tuje kwenye chakula, nikianza na saa. Nyumba nyingi vijijini hula chakula kikubwa kimoja, nacho huiva saa mbili au saa tatu usiku baada ya mifugo kuingia zizini. Mtu anakula, dakika chache baadaye analala, na wanga wote wa siku unasagwa wakati mwili umetulia. Mimi ningeomba familia ibadilishe zamu ya milo: ugali mwingi uliwe mchana, na wa jioni uwe mdogo, saa kumi na mbili au saa moja, ukiwa na mboga na kitoweo zaidi. Jumla ya chakula cha siku isipungue. Kwa mwembamba, kila unachokitoa kwenye sahani ya usiku lazima kirudi kwenye sahani ya mchana, au kirudi kikiwa karanga, maziwa, kunde, choroko, mayai, kuku, samaki wa kukauka. Mafuta ya alizeti, ambayo Singida haina shida nayo, yana nguvu nyingi na hayapandishi sukari yenyewe. Anayekonda ayatie kwenye mboga bila hofu ya kunenepa.

Kuhusu ugali wa mtama, nimesikia ukiitwa dawa ya kisukari. Ni bora kuliko sembe iliyokobolewa, kwa kuwa una nyuzi na sukari yake hutoka taratibu zaidi, hasa mtama ukisagwa na pumba zake. Lakini bonge la ugali wa mtama la ukubwa wa ngumi mbili bado ni wanga mwingi. Kwa mlo wa jioni, kiasi cha ngumi yako moja kinatosha kuanzia. Kisha namba ya kulalia ikueleze kama kinafaa. Anza na bakuli la mlenda au kunde na kitoweo, ugali ufuate. Utelezi wa mlenda hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na kula mboga na protini kwanza kumeonekana kupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Viazi vitamu vya jioni vihesabiwe kama ugali, visiwe nyongeza juu ya ugali. Uji mwepesi uliosagwa laini hupandisha haraka kuliko watu wanavyodhani, hata bila sukari. Anayeupenda aunywe asubuhi, uwe mzito, na uwe na karanga.

Asubuhi usikae na njaa hadi saa sita kwa kuogopa namba uliyoiona. Ini litaendelea kumwaga. Yai, kunde zilizobaki, maziwa mgando, chai bila sukari, halafu kazi. Baada ya chakula cha jioni tembea dakika 15, hata ukilizunguka zizi tu, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari kwenye damu bila kusubiri insulini nyingi. Anayetumia insulini awe mwangalifu siku za kupalilia: misuli iliyochoka huendelea kuvuta sukari hadi usiku wa manane, na dozi iliyofaa Septemba inaweza kukuangusha Januari. Pombe ya mtama ya jioni bila kula hulizuia ini kutoa sukari, hivyo ikikutana na insulini au glibenklamaidi usiku unaweza kuwa mbaya sana. Siikatai kwa sababu ya maadili tu. Naogopa saa tisa usiku, wakati hakuna wa kukuona.

Dawa ndiyo sehemu ambayo wembamba wengi hunyimwa haki yao bila mtu yeyote kukusudia. Mgonjwa huanza na metformini, ambayo hupunguza ini kumwaga sukari na ni dawa nzuri. Lakini kwa mwenye insulini kidogo haitoshi peke yake, na kwa baadhi hupunguza hamu ya kula na uzito. Kama umekonda zaidi tangu uianze, mwambie daktari. Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini iliyobaki. Hushusha, lakini hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kuangusha usiku, hasa kwa wazee na wanaokula mlo mmoja. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeshauri gliklazaidi pale kushuka kwa sukari kunapotia wasiwasi. Uliza kama ipo.

Insulini inaogopwa, nami naielewa hofu hiyo. Watu wanasema ukianza sindano umefika mwisho. Wanaosema hivyo mara nyingi waliona mgonjwa aliyecheleweshwa hadi akapelekwa amezidiwa, wakaiona sindano na jeneza katika wiki moja. Kwa mwembamba anayeendelea kukonda, insulini ndiyo inayorudisha nyama mwilini. Dozi ya kuanzia ya usiku kwa kawaida ni uniti 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya uzito; kwa mtu wa kilo 48 ni uniti 5 hadi 10, na kwa mwembamba ni busara kuanzia chini. Kisha, kwa makubaliano na kliniki, huongezwa uniti 2 kila baada ya siku tatu hadi asubuhi iingie kwenye lengo, na hupunguzwa mara moja ukishuka chini ya 4. Usijipangie mwenyewe, lakini ujue mpango ulivyo ili uweze kuuliza.

Saa ya sindano ina uzito kuliko wengi wanavyoambiwa. Insulini nyeupe ya kazi ya muda wa kati, NPH, hufikia nguvu yake kubwa kati ya saa nne na saa kumi baada ya kuchomwa. Ukiichoma saa kumi na mbili jioni, nguvu yake kubwa inaangukia kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri: inakushusha usiku wa manane, na inapungua hapo hapo ini linapoongeza kasi. Ukiihamishia saa nne usiku, unapokwenda kulala, nguvu hiyo inahamia kati ya saa nane usiku na saa mbili asubuhi, ndipo unapoihitaji. Wapo walioshusha namba ya asubuhi kwa kuhamisha saa tu, bila kuongeza uniti hata moja. Ila sharti moja: hili ni kwa NPH iliyo peke yake. Insulini ya mchanganyiko, ile ya 30 kwa 70 inayotolewa katika vituo vingi, ina ndani yake sehemu inayofanya kazi haraka, na lazima ifuatiwe na chakula. Ukiihamishia wakati wa kulala bila kula, utashuka. Kama unatumia mchanganyiko na asubuhi haishuki, omba daktari aangalie kama sindano ya jioni inaweza kugawanywa mara mbili: ya haraka kabla ya mlo, na NPH peke yake wakati wa kulala.

Kichupa cha nyeupe kizungushe taratibu kati ya viganja mara kumi kabla ya kuvuta, mpaka rangi iwe moja. Kisipochanganyika, leo utachoma nyingi, kesho kidogo, na namba zako hazitaeleweka. Badilisha sehemu za kuchoma, na usirudie penye uvimbe mgumu. Na kwa mwembamba kuna hatari yake maalumu: ngozi ni nyembamba, sindano inaweza kufika kwenye misuli, na insulini ya kwenye misuli hukimbia. Binya ngozi kwa vidole viwili, uinyanyue, uingize sindano kwa mshazari.

Jokofu hakuna? Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha jaribio walilolipima kwa joto halisi la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Insulini iliyokaa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu yake. Joto la Singida halizidi hilo kwa kawaida, na hewa kavu ya huko inasaidia: weka kichupa ndani ya kopo kavu lenye mfuniko, kopo ndani ya chungu kidogo, chungu hicho ndani ya kikubwa, na katikati mchanga unaoloweshwa asubuhi na jioni. Weka kivulini penye upepo. Kisiachwe juani, wala karibu na bati, wala mfukoni mwa mwendesha bodaboda kutwa. Nyeupe ikibaki na mabonge au chengachenga kwenye kioo baada ya kuzungushwa, imeharibika.

Mwembamba anastahili pia kuulizwa maswali ambayo mnene haulizwi. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku na kukonda vinataka kipimo cha kifua kikuu, kwa kuwa kisukari huongeza hatari ya kukipata mara mbili hadi tatu, na kifua kikuu chenyewe hupandisha sukari. Anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri aeleze sukari ilianza kupanda lini. Wagonjwa wa namna hiyo wameripotiwa Kampala. Asiache dawa hizo kwa uamuzi wake. Maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, na choo chenye mafuta kinachoelea, humwelekeza daktari kwenye kongosho lenyewe. Mtu wa zaidi ya miaka 50 aliyepata kisukari ghafla huku akikonda haraka anahitaji picha ya kongosho bila kucheleweshwa. Ikiwezekana kufika Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, au Muhimbili, uliza kuhusu kipimo cha C-peptidi, kinachoonyesha kongosho linatoa insulini kiasi gani.

Kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu kama ya tunda lililoiva sana ni dalili za damu kujaa asidi. Hapo hakuna kusubiri siku ya kliniki wala kujaribu mizizi kwanza. Ni kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Singida mjini, au hospitali iliyo karibu zaidi, saa hiyohiyo. Na hata ukiwa mgonjwa huwezi kula, insulini ya usiku usiiache kabisa. Wapo waliofariki kwa asidi baada ya kuiacha kwa sababu "sijala".

Siku ya kliniki, nenda na daftari. Muuguzi ana watu wengi, atakutazama dakika chache, na mtu anayesema "sukari inapanda asubuhi" ataongezewa kidonge. Mfungulie ukurasa wenye namba tatu za kila usiku na umuulize moja kwa moja: Nimekonda kilo ngapi tangu mlipoanza kunipima? Kidonge hiki kinatosha kwa mtu asiye na uzito wa kupunguza? Naweza kupata NPH ya kulalia, na kama ninayo, niichome saa ngapi? Sukari ikinishuka saa tisa usiku, nipunguze uniti ngapi, na nimpigie nani simu? Jibu la swali la mwisho liandikwe nyuma ya daftari hilohilo, mahali ambapo mkeo, mumeo au mwanao atalikuta bila kukuamsha.